i7 ya Baba Mdogo: historia fupi ya kujua kilichomo ndani ya kompyuta

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu nilikuwa nyumbani, mkoani Mara. Wale mnaokufahamu kwetu mnajua kwamba ukifika nyumbani hukai ukabonyeza kompyuta. Unapelekwa kusalimia ndugu, leo Sirari, kesho Nyamongo, keshokutwa Mugumu, mpaka likizo inakwisha. Lakini safari hii kompyuta ilinifuata yenyewe, na imeniachia aibu ambayo nimeona niieleze hapa, maana naamini siko peke yangu.

Iko hivi. Baba yangu mdogo anaishi nje kidogo ya Mugumu, wilaya ya Serengeti. Binti yake, mdogo wangu, alipopata nafasi ya chuo, baba mdogo alinipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiye uko mjini na ndiye unajua mambo hayo. Nimnunulie ipi?" Nilikuwa nakimbizana na habari iliyokuwa ikisubiriwa na mhariri. Nikajibu kama tunavyojibu wote tunaojifanya wajuaji: "Baba, tafuta laptopu ya i7, hata kama ni mtumba. Hutajuta." Basi, simu ikakatwa.

Baba mdogo akauza dume mnadani. Akapanda gari, akapita Nyamongo hadi Tarime mjini, akazunguka madukani na neno moja tu mdomoni: "i seveni". Akaipata. Stika ya bluu pembeni mwa kibodi, imeandikwa Core i7 vizuri kabisa. Shilingi laki saba na nusu, begi likatupiwa bure.

Nilipofika Mugumu mdogo wangu alinisubirisha hata chai sikumaliza. "Kaka, hii mashine inachoka. Nikifungua vitu viwili tu inaganda. Na inaniambia haiwezi kupokea Windows mpya." Nikaiweka mezani, nikabonyeza vitufe vitatu, nikasoma. Ndani hapakuwa na i7 yoyote. Palikuwa na Core i3-4005U, prosesa ya mwaka 2013, ya daraja la chini, iliyotengenezwa ili kula umeme kidogo na wala si kukimbia. Stika ilitoka kwingine.

Nikamweleza mzee. Hakukasirika kama nilivyotarajia. Alinyamaza, halafu akaniuliza swali ambalo ndilo limezaa makala haya: "Kwani hiyo kitu haina mdomo wa kufungua?"

Wasiotoka kwenye ufugaji niwaeleze. Ukienda mnadani kununua ng'ombe husikilizi umri anaoutaja mwuzaji. Unamshika ng'ombe taya, unamfungua mdomo, unatazama meno ya mbele ya chini. Jozi ya kwanza ya meno makubwa hutoka ng'ombe akikaribia miaka 2, na akifika kama miaka 4 hivi meno yote 8 ya mbele yanakuwa yamebadilika. Baada ya hapo unatazama yalivyolika. Mwuzaji anaweza kusema lolote, na chapa ya moto ubavuni inaweza kuchomewa chapa nyingine juu yake, jambo ambalo huku kwetu, ambako wizi wa ng'ombe umeandikiwa hadi vitabu, linajulikana fika. Lakini meno ni meno.

Kwa hiyo swali la baba mdogo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Mdomo wa kompyuta uko wapi? Na ilikuwaje mimi mwenye digrii yangu nikamtuma mzee akanunue chapa, badala ya kumwambia atazame meno?

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Zilikuwa ni zile kubwa za kujaza chumba. Baada ya miaka michache hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye mashine zikavurugika, gharama zikapanda, na wataalamu wa kuziendesha wengi wao walikuwa wageni. Mwaka 1974 serikali ikaona isiwe taabu, ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Wengi tunaicheka marufuku ile siku hizi. Mimi siicheki sana. Naiona kama hasira ya mtu aliyelipia kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukifungua mdomo. Ubaya ni kwamba dawa ilikuwa kufunga mlango badala ya kujifunza, na masharti yale yalipokuja kulegezwa, wenzetu duniani walikuwa wameshatoka kwenye mashine za chumba wakaingia kwenye mashine za mezani. Sisi tukaingia sokoni moja kwa moja kama wanunuzi, tena wa mitumba.

Na tuliingia wakati mbaya, kwa sababu ndio wakati watengenezaji walipoacha kuita vitu vyao kwa namba.

Zamani prosesa ilikuwa na namba tu. Intel walitoa 4004 mwaka 1971, wakatoa 8086 mwaka 1978, na ndugu yake 8088 ndiye aliyewekwa kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Zikafuata 286, 386, 486. Namba ikipanda, mashine ni mpya zaidi. Hata fundi wa kichochoroni aliweza kukuambia uko wapi kwenye foleni. Tatizo ni kwamba IBM hawakutaka kumtegemea mwuzaji mmoja, kwa hiyo kampuni nyingine, hasa AMD, zikapata kutengeneza chipu za aina hiyo hiyo. Mwaka 1991 AMD wakatoa 386 yao. Intel wakaenda mahakamani Marekani kudai kwamba "386" ni jina lao. Wakashindwa. Namba, mahakama ikaona, haiwezi kumilikiwa na mtu mmoja kama jina la biashara.

Mwaka huo huo wa 1991 ndipo ilipoanza ile kampeni ya "Intel Inside". Hebu fikirini kidogo. Kabla ya hapo mnunuzi wa kawaida hakujua wala hakujali nani katengeneza chipu iliyojificha ndani ya mashine yake. Intel wakawachangia watengenezaji wa kompyuta gharama za matangazo ili wabandike nembo ile kwa nje. Kitu ambacho hakionekani kikapata sura. Na mwaka 1993 chipu iliyotakiwa kuitwa 586 ikaitwa Pentium, kwa sababu jina unaweza kulisajili na namba huwezi. Stika, ndugu zangu, haikubuniwa ili ikueleze kilichomo. Ilibuniwa ili ukipende.

Mwaka mmoja tu baadaye watu wakapata somo. Profesa mmoja wa hisabati huko Virginia, Thomas Nicely, aligundua mwaka 1994 kwamba Pentium yake inakosea kugawanya baadhi ya namba. Si hesabu zote, ni chache sana, lakini inakosea. Intel mwanzoni walisema kosa ni dogo, mtu wa kawaida halimhusu. Watu wakachachamaa. Desemba 1994 Intel wakakubali kumbadilishia kila anayetaka, na jambo hilo likawagharimu dola milioni 475. Angalieni kilichotokea: jina lililokuwa maarufu ndilo lililofanya kosa liwe maarufu. Chipu yenye namba tupu isingefika kwenye magazeti.

Majina yalipozaa pesa yakaanza kuzaana yenyewe. Celeron ikaja mwaka 1998 kwa watu wa bei nafuu. Upande wa pili likaja shindano la kasi, megahezi ngapi, gigahezi ngapi, na sisi wa mitumba tukashika hiyo kama kipimo. Nalo halikuwa kweli tupu. Pentium 4, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na gigahezi nyingi lakini kila mpigo ulifanya kazi kidogo. Ni kama mtu anayepiga hatua fupi fupi haraka na mwingine mwenye hatua ndefu za taratibu, wa kwanza anatoka jasho zaidi na si lazima awahi kufika. AMD walipoona wanaonewa na kipimo hicho, mwaka 2001 wakaita Athlon XP yao "1800+" wakati kasi yake halisi ilikuwa gigahezi 1.53. Mwaka 2003 Intel wenyewe wakatoa Pentium M kwa ajili ya laptopu, yenye gigahezi chache na kazi nyingi, na baada ya hapo nao wakaanza kuficha gigahezi nyuma ya namba za kubuni. Walikuwa wamewafundisha watu kuhesabu gigahezi, sasa ikabidi wawafundishe kusahau.

Ndipo tukafika kwenye ugonjwa wangu mimi. Core i7 ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 2008, i5 ikafuata 2009, i3 mwanzoni mwa 2010. Wakati huo huo, Julai 2009, mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, intaneti ikaanza kuwa kitu cha watu, na laptopu zilizostaafishwa maofisini Ulaya zikawa zinamiminika madukani kwetu. Tukajifunza wimbo mmoja: i3 ya maskini, i5 ya kati, i7 ya wakubwa. Wimbo ule ukafika Tarime, ukafika Mugumu, na mimi ndiye niliyeupeleka kwa simu.

Ubovu wa wimbo huo ni huu. i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya mwaka mmoja. Hayakuambii ni mwaka gani. Na kila mwaka ulikuwa na i7 yake. Chukueni mfano huu. Core i7-7500U ilitoka mwaka 2016, ina viini 2 vya kazi. Core i5-8250U ilitoka mwaka 2017, ina viini 4. Kwa stika, i7 ni mkubwa. Kwa kazi nyingi, i5 anamwacha kaka yake njiani. Tena kuna la pili. Microsoft walipotoa Windows 11 mwaka 2021 waliweka orodha ya prosesa zinazokubalika, na kwa Intel orodha hiyo, ukiacha chache za kipekee, inaanzia kizazi cha 8. Ile i5 imo. Ile i7 haimo. Na Oktoba 14, 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kwa hiyo tarakimu moja, 7 au 8, ndiyo inayoamua kama mashine ya mwanafunzi itaendelea kupata ulinzi au itabaki yatima. Tarakimu hiyo haimo katika neno "i7".

Hapa ndipo nilipomwelewesha baba mdogo vizuri kuliko nilivyotarajia. Nikamwambia: baba, baada ya ile i7 kuna kistari, halafu namba. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kama saro. Akacheka, akaelewa papo hapo. Kwetu Wakurya, saro ni kundi la walioingia jandoni pamoja, na ukimjua mtu saro yake umeshajua umri wake, umeshajua nani wa kumheshimu na nani wa kutaniana naye. i3-4005U ni saro ya 4. i5-8250U ni saro ya 8. Namba ikianza na 1, kama 10210U au 1135G7 inayoanza na 11, basi soma mbili za mwanzo, ni saro ya 10, ya 11, na kuendelea. Herufi ya mwisho nayo inasema kitu: U ni ya kubana umeme, H ni ya kazi nzito. "Sasa kwa nini hawakuandika saro kwenye stika?" akauliza. Nikasema baba, mwuzaji wa ng'ombe mzee huwa anatangaza meno?

Nami nikiri kwamba wenyewe wamezidi kulichanganya. Mwaka 2023 majina Pentium na Celeron yaliondolewa kwenye laptopu mpya, pakabaki "Intel Processor" tupu, na mwishoni mwa mwaka huo ikaja Core Ultra isiyo na ile herufi i kabisa. AMD nao na Ryzen zao wana namba ambazo lazima uzisome kwa utulivu, maana namba kubwa haina maana kila mara kwamba mwili wa ndani ni mpya. Wimbo mpya unatungwa, na baada ya miaka mitano hivi utatufikia madukani ukiwa mtumba.

Turudi kwenye mdomo. Upo! Na una historia yake. Miaka ya 1990 kulikuwa na matapeli waliokwangua maandishi juu ya chipu wakaandika kasi kubwa zaidi, wakauza. Hapo hata ukifungua mashine ukatoa chipu ukaisoma kwa macho, unadanganywa. Lakini kuanzia kizazi cha Pentium, mwaka 1993, prosesa ziliwekewa amri inayoitwa CPUID. Programu ikiuliza, chipu yenyewe inajibu. Chipu ya Intel inajibu kwa herufi 12, GenuineIntel, na ya AMD inajibu AuthenticAMD. Baadaye zikaanza kutaja na jina lao kamili. Intel waliwahi hata kupitiliza: mwaka 1999 Pentium III ilikuja na namba ya pekee kwa kila chipu, kama kitambulisho cha mtu, na programu ingeweza kuisoma. Watetezi wa faragha wakapiga kelele, na katika chipu za baadaye namba hiyo ikaondolewa. Kwa hiyo kinywa kipo, hakipigi porojo, ila lazima mtu aulize.

Sisi Watanzania tumeshafanya jambo hilo mara moja tena nchi nzima. Mnakumbuka simu bandia zilizozimwa Juni 16, 2016? Bibi zetu walijua kubonyeza *#06#, simu ikataja namba yake, wakaituma 15090, wakajibiwa simu yao ni ya nani. Hakuna aliyeangalia jina lililoandikwa mgongoni mwa simu. Kwa kompyuta hakuna aliyetufundisha, basi tujifundishe wenyewe.

Ukiwa dukani, mashine ikiwa imewaka kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu iliyoandikwa Performance. Jina kamili liko juu kulia, na chini utaona idadi ya viini. Mwenye Linux aandike lscpu. Lakini usiishie hapo, maana jina linaloonyeshwa na Windows linaweza kuchezewa na mjanja. Zima mashine, iwashe upya, na kabla Windows haijaamka bonyeza F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kwa ThinkPad nyingi. Unaingia kwenye BIOS, yaani kabla ya Windows kupata nafasi ya kusema chochote. Jina la hapo ndilo meno. Majina mawili yakitofautiana, aga kwa heshima uondoke. Mwuzaji akikataa usizime mashine, aga pia. Na stika usiipe hata sekunde moja, zinauzwa mtandaoni kwa bei ya soda.

Jambo la kutia moyo ni kwamba laptopu za miaka ya karibuni prosesa yake imechomelewa kwenye ubao, si rahisi mtu kuichomoa akaweka nyingine. Kwa hiyo uongo mwingi uko juu juu, kwenye stika na mdomoni mwa mwuzaji. Dakika tatu zinatosha kuuvua.

Mnataka kujua mwisho wa kisa? Tulirudi Tarime, mimi na baba mdogo. Mwuzaji alisema stika aliikuta hivyo hivyo, na huenda ni kweli, hatukuwa na namna ya kuthibitisha. Risiti ilikuwa imeandikwa "laptop 1" basi. Tukabishana, tukaelewana aturudishie laki moja na nusu na mashine tubaki nayo. Nimeiongezea memori na diski mpya kwa pesa yangu, nimeweka Linux, sasa inapumua, na mdogo wangu anaandikia kazi zake za chuo. Si i7. Lakini dume lilishaliwa na wateja wa mnadani, halirudi.

Kilichonikaa rohoni ni kitu kingine. Tukiwa garini kurudi Mugumu nilimwomba baba mdogo msamaha. Akaniambia hana neno na mwuzaji, mwuzaji kazi yake ni kuuza. "Ila wewe nilikuuliza ng'ombe, ukanitajia rangi."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Sasa akinipigia mtu kuniuliza anunue laptopu gani, namwuliza kwanza anataka kuifanyia nini, halafu namtajia saro. Nanyi mkipigiwa na wazazi kutoka nyumbani, msiwe na haraka kama mimi. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.